Bushi za Gari la Baba

4 Februari

Kaka,

Shikamoo. Naandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu mtandao wako huharibika kila nikifika kwenye jambo la maana. Karatasi haina mtandao.

Hapa nyumbani hatujambo. Mimi bado nashona sare za shule, na mgongo wangu umeanza kufanana na wa Mama. Paka amezaa tena ndani ya kapu la vitambaa vya wateja. Watoto wanne, na mmoja ana sura ya Baba Mdogo kabisa, mashavu na ukali wote. Mama anakusalimu. Anatembea kwa fimbo kutoka kitandani mpaka mlangoni, na siku akijisikia vizuri anafika kwenye ngazi za mbele akakaa juani. Daktari wa mazoezi anasema asikose hata Jumanne moja. Akiacha, misuli ya mgongo italala, na ikishalala ndiyo basi, hatasimama tena.

Sasa jambo lenyewe. Yule jirani aliyekuwa akimpeleka kliniki amehama. Basi haliwezekani, Mama hawezi kupanda ngazi zake. Kwa hiyo nimefanya kitu ambacho huenda hutakipenda: nimelifunua gari la Baba. Ndiyo, lilelile. Miaka saba limekaa kwenye banda la gereji chini ya turubai, tangu siku ya ajali, lilipovutwa kwa kamba kutoka mtaroni. Nimejifunza kuendesha, usicheke. Fundi Kipara, yule aliyekuwa msaidizi wa Baba gerejini, anakuja kila Jumapili na vyombo vyake kulifufua. Rejeta amebadilisha, bodi amenyoosha, injini imewaka. Limebaki jambo la chini. Anasema bushi za ile mikono inayoshika magurudumu ya mbele zimekwisha, na bila bushi nzima gari halitulii barabarani. Mimi nilidhani bushi ni dude kubwa. Kumbe ni kipande cha mpira kisichozidi kikombe cha kahawa, kinachokaa kati ya chuma na chuma visigongane.

Kipara anataka za mpira, kama zilizokuwepo. Dukani wanasema siku hizi kuna za poliyurethani, ngumu, za rangi, ambazo hazichakai. Wewe ndiye unayeshinda ghalani katikati ya vipuri. Tuambie tuweke zipi, na ukipata nzuri tutumie. Kumbuka tu atakayekaa ndani ni nani.

Mdogo wako,
Sindano


27 Februari

Sindano mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako ilikaa siku nne kwa mlinzi wa getini. Yule bwana anapenda kusoma anwani za watu kama gazeti. Mimi mzima. Wifi yako anakusalimu, na mtoto ameanza kutembea, anashika kila kitu na kukiangusha. Mpe Mama salamu zangu, mwambie namkumbuka.

Kuhusu gari, ningekuwa karibu ningekuambia ulitoe kwa watu wa chuma chakavu uachane nalo. Lakini kichwa chako nakijua. Basi weka poli. Hapa ghalani jina lote hatulimalizi, tunaita poli tu. Nisikilize, maana hii ndiyo kazi yangu. Mpira unaoza. Mafuta yakiudondokea unalainika, joto likiupiga unapasuka. Tena mpira umegandishwa na chuma ndani na nje. Hauzunguki, unajipinda tu. Fundi akikosea kidogo kukaza, unachanika kimyakimya na wewe huna habari. Poli haina usumbufu huo. Inazunguka yenyewe juu ya bomba lake la chuma. Haijali umekaza gari likiwa juu au likiwa chini. Kipara anazeeka, na sitaki mtu akosee tena.

Nimetuma seti ya mbele, rangi ya zambarau, pamoja na tyubu ya grisi. Apake ya kutosha, la sivyo zitalia kama mlango mbovu.

Mambo mawili zaidi. Kwanza, Kipara asipoteze muda kuzitoa zile kuukuu kwa mashine. Azichome moto hukohuko, zitoke, atupe. Pili, uwe mwangalifu pale kwenye kona ya mtaro. Baba aliijua kona ile miaka thelathini na bado macho yalimwangusha. Mimi nilisema mzee hafai tena kushika usukani, mkaniona nina mdomo.

Kaka yako


31 Machi

Kaka,

Shikamoo. Kifurushi kimefika, asante. Mama aliposikia mtoto anatembea aliuliza anafanana na nani. Tuma picha, hata moja, hata iliyotingishika.

Bushi zako zimefungwa. Kipara alizipanga mezani akasema zinapendeza mpaka mtu anatamani kuzila. Jumanne ya kwanza nikamweka Mama kiti cha nyuma, tukaondoka. Kusema kweli usukani umetulia, gari linakwenda pale unapolielekeza. Barabara ya lami haikuwa na neno. Unazijua zile kilomita kumi na moja za mwisho, za mawe na mashimo. Hapo nikatazama kwenye kioo nikamwona Mama amejaza ncha ya mtandio mdomoni. Nilisimama. Nikamuuliza, akasema endelea. Tulipofika, wauguzi wawili walimtoa, na daktari hakufanya naye zoezi lolote, alimlaza tu. Jumanne ya pili niliweka mito mitatu. Ikawa vilevile. Jumanne ya tatu akasema kichwa kinamuuma. Leo amesema mvua inanyesha. Kaka, nje kuna jua.

Grisi alipaka, hazilii hata kidogo. Shida si kelele. Kipara anasema mpira unakula pigo, poli inalipitisha. Anasema poli ni ya kijana anayekimbiza gari na mwenye mgongo wake mzima. Nakuomba ututafutie za mpira, za kiwanda hasa. Za hapa dukani ukizibonyeza kwa kidole zinabonyea kama embe bovu.

Na Kipara hakuzichoma zile kuukuu. Anasema moto unaharibu chuma. Alizitoa kwa mashine, akazipeleka dirishani akazitazama muda mrefu, akarudi kuingia chini ya gari na tochi. Alipotoka alizifunga kwenye gazeti akaziweka juu ya kabati la Baba. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Siku nyingine, dada." Kipara huyu, ambaye hanyamazi hata akiwa na chai mdomoni.

Mdogo wako,
Sindano


30 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa, tulikuwa na ukaguzi wa ghala zima, rafu kwa rafu. Sisi wazima.

Poli huchukua muda kuzoeleka. Punguza upepo kwenye matairi ya mbele kidogo, na mwendo upunguze. Mama naye wakati mwingine anajilegeza, unamjua. Ongeza mto. Za mpira za gari lile sizioni hapa, labda hawatengenezi tena.

Zile kuukuu zimekaa juu ya kabati kufanya nini? Mpira uliooza ni uchafu. Tupa. Na Kipara usimsikilize kila kitu, ana maneno mengi tangu zamani, ndiyo maana hakuwahi kuwa na gereji yake.

Mwezi wa sita sitaweza kuja kama nilivyosema. Ruhusa imekataliwa.

Kaka


16 Mei

Kaka,

Leo salamu ni fupi, zivumilie. Mama hajaenda mazoezi tangu mwezi wa tatu. Hafiki tena kwenye ngazi, anaishia mlangoni. Paka na watoto wake wazima.

Ulipoandika kwa mara ya pili kwamba zile bushi zitupwe, nilijiuliza mtu aliye mbali hivyo takataka za hapa zinamkera nini. Nikamwita Kipara, nikafunga mlango, nikamwambia hatoki bila kusema.

Alizifungua kutoka kwenye gazeti akaziweka juu ya meza yangu ya kushonea. Akanifundisha polepole. Katikati ya bushi kuna bomba dogo la chuma lenye meno kwenye ncha. Ukikaza bolti, yale meno yanauma chuma cha gari na hayasogei tena. Kwa hiyo ukitoa bushi, alama za meno zinakuonyesha mkono ulikuwa umekaaje siku ulipokazwa. Alama za gari letu zinaonyesha magurudumu yalikuwa yananing'inia. Lilikazwa likiwa juu ya jeki, likateremshwa baadaye, na mpira ukaanza kazi ukiwa tayari umepindwa. Kila shimo likaupinda zaidi. Wa kulia umechanika mzunguko mzima. Ukiwa hivyo, ukikanyaga breki gurudumu linarudi nyuma na gari linavuta upande. Nikasema labda ajali ndiyo iliyouchana. Kipara akanionyesha wa kushoto, ambao haukugusa kitu mtaroni. Alama zilezile, na mpira umechanika nusu.

"Hii si kazi ya mzee," akasema.

Sikuhitaji kuambiwa. Desturi ya Baba unaikumbuka kama mimi. Gari la mtu yeyote likishafungwa bushi, lazima literemke, lisimame kwa magurudumu yake juu ya shimo la gereji, na Mama aitwe kutoka jikoni akae kiti cha nyuma. Ndipo Baba anaingia shimoni kukaza mzunguko wa mwisho. Wateja walikuwa wakimtania kwamba fundi huyu hawezi kazi bila mkewe. Naye aliwajibu kuwa gari litatembea likiwa na mtu, basi likazwe likiwa na mtu. Mama alikuwa akija na bakuli lake la mchele, anachambua humohumo ndani ya magari ya watu.

Bushi zile zilifungwa Jumamosi moja, miezi minne kabla ya ajali. Siku hiyo Baba alishinda kwa Baba Mdogo. Kipara hakuwepo, gereji alikuachia wewe peke yako.

Mpaka anakufa, Baba alikuwa na maneno mawili tu kuhusu ile ajali: gari lilinivuta. Wewe ndiye uliyemjibu, mezani, mbele ya wote: "Mzee, macho yako yamekwisha, kubali." Kesho yake Baba Mdogo akaenda gerejini akamnyang'anya ufunguo wa gari. Wateja wakaanza kupungua, nani ampe gari fundi asiyeona? Wewe ukapata kazi yako ukaondoka. Mimi nilibaki naye. Nilimwona mara nyingi amesimama mbele ya kalenda ukutani, amefunika jicho moja kwa kiganja, anasoma tarehe, kisha anafunika jingine. Alizisoma zote bila kukosea. Na bado aliliamini neno lako kuliko macho yake mwenyewe. Kwa miaka miwili akaisha hivyo, hadi tukamzika.

Nina swali moja. Jumamosi ile, uliliteremsha gari kabla ya kukaza? Andika ndiyo au hapana.

Mdogo wako


2 Julai

Kaka,

Shikamoo. Barua yangu ya mwezi wa tano umeipata. Posta wana sahihi ya mlinzi wako, yule msomaji wa anwani.

Za mpira zimepatikana. Mteja wa zamani wa Baba ana gari kama letu lililokufa injini, na alikuwa na seti mpya kwenye boksi, hajaifungua. Kipara atazifunga mwezi huu. Ile kazi ya kukaza ya mwisho nimemwambia asiifanye kwanza. Nasubiri jibu lako.

Mama hasimami tena bila mimi kumshika kwapani.


21 Julai

Mdogo wangu,

Barua hii nimeichana mara nne. Mtoto alikuwa na homa, amepona. Wifi yako anasalimu. Naona nimeshaanza kukwepa tena.

Hapana. Sikuliteremsha.

Shimoni kulikuwa na gari la mteja lisilo na injini, nisingeweza kulisogeza peke yangu. Saa sita nilikuwa na usaili wa kazi hii ya ghalani, na Baba hakujua kwamba nataka kuondoka. Bila shimo, zile bolti za nyuma hazifikiki gari likiwa chini. Nikakaza juu ya jeki, nikanawa mikono, nikaenda. Ile ya kumkalisha mtu ndani nilidhani ni mbwembwe za mzee mbele ya wateja. Mama alikuwa jikoni, sikutaka kumsumbua.

Siku ya ajali mimi ndiye niliyelala chini ya gari mtaroni kufunga kamba. Niliuona mpira. Nilijua palepale. Mama amelazwa kwenye nyasi, mgongo umeumia, Baba amekaa kando yake anarudia gari lilinivuta, gari lilinivuta, na watu wanamtazama. Jioni ile mezani nilifungua mdomo nikidhani nitasema, na kilichotoka ni habari za macho. Naapa sikukipanga. Kila mtu akakidaka. Kesho yake ilikuwa vigumu kukirudisha, na wiki iliyofuata ikawa vigumu zaidi. Nilidhani Baba atanuna siku chache kisha atarudi gerejini. Nilikuwa nikisubiri arudi ndipo niseme. Hakurudi.

Sasa umejua kwa nini nilikuambia poli. Hapa mteja akija kuuliza mpira au poli, namjibu poli kabla hajamaliza swali. Wenzangu wanadhani kiwanda kinanipa zawadi. Mgongo wa Mama sikuufikiria, hilo nakiri. Nilifikiria bolti tu. Nilitaka kitu ambacho hata kikikazwa na mpumbavu kinashika.

Lakini nawe usijifanye malaika. Nani alimshika Baba mkono kumpeleka kupimwa macho? Nani alimnunulia ile miwani minene? Sote tuliamini ni macho kwa sababu ilikuwa rahisi kuamini hivyo.

Nakuomba kitu kimoja. Usimwambie Mama. Hali yake haitahimili. Nitakuja mwenyewe nimwambie ana kwa ana, labda mwisho wa mwaka, labda mwakani mambo yakikaa sawa.

Kaka yako


11 Agosti

Kaka,

Kuhusu miwani umesema kweli. Nilimnunulia mimi. Ninayo hapa mezani, nimeiweka juu ya barua yako isipeperuke. Ile siku ya kupimwa daktari alisema macho ya mzee ni ya umri wake, hayana tatizo kubwa. Nikamwambia atupe miwani hivyo hivyo. Hilo ni langu, nitalibeba. Sitalibeba pamoja na lako.

Kwa Baba Mdogo nimekwenda. Nilimsomea barua yako yote. Alikaa chini akaomba maji. Hakuyanywa. Akasema, "Nilimnyang'anya ufunguo mbele ya wateja wake." Akalisema mara tatu, kisha akaniomba niondoke.

Mama sikumwambia. Niliheshimu ombi lako kwa siku tisa nzima. Sikiliza kilichotokea siku ya kumi.

Kipara alifunga zile za mpira akaliteremsha gari likae kwa magurudumu yake. Shimo la Baba tulikuwa tumelifukia, kwa hiyo alichimba jingine bandani, la kumtosha yeye kulala. Nikamleta Mama na kumkalisha kiti cha nyuma. Sikumweleza ni kwa ajili gani. Alipapasa kiti, akatazama mlango wa banda, akasema, "Ningekuja na mchele wangu." Kipara akaingia chini. Tukawa tunasikia spana inavyolia, na Kipara anavyoguna.

Mama akauliza, "Kaka yako ameandika?"

Nikasema ameandika, anakusalimu.

"Amesema ya Jumamosi ile?"

Nadhani uso wangu ulijibu.

"Nilimuuliza," Mama akasema. "Nilitoka jikoni na unga mikononi, nikasimama pale mlangoni. Nikamwambia, nije nikae? Akasema, rudi ndani Mama, hakuna haja."

Hukuniandikia hilo, Kaka. Uliandika kwamba hukutaka kumsumbua. Hata kwenye kukiri umebakiza kipande chako.

Nikamwambia, "Kwa hiyo ulijua?"

"Nilijua tangu nikiwa kwenye nyasi. Baba yenu aliposema limenivuta, nikakumbuka sikuitwa."

Nilimfokea. Sijawahi kumfokea Mama maishani. Nikamuuliza alimwachaje Baba asimame mbele ya kalenda miaka miwili akijipima macho, na yeye kitandani ana jibu mdomoni. Kipara aliacha kukaza.

Mama hakulia. Alisema, "Baba yenu angemfukuza. Ulimjua kwa kazi yake, asingesamehe. Nikasema mume wangu ni mtu mzima, atavumilia, lakini mtoto akifukuzwa harudi. Nikanyamaza ili arudi." Akatazama mikono yake. "Nikamtoa Baba yenu nibaki na mwanangu. Sasa sina huyu wala yule."

Kisha akapiga mlango wa gari kwa kiganja na kumwambia Kipara, "Kaza, baba, mgongo unachoka."

Tumeshakwenda kliniki Jumanne mbili. Zile kilomita kumi na moja nazipita polepole, na gari linayumba zaidi kidogo kwenye kona kuliko lilivyokuwa na poli, ila mtandio wa Mama umebaki kichwani. Daktari ameanza naye upya kama mtoto, kukaa na kusimama, kukaa na kusimama. Hasemi kama atatembea. Anasema tumepoteza miezi mitano, akauliza kwa nini. Nikamwambia ni mambo ya gari.

Bushi zako za zambarau nakurudishia kwa kifurushi tofauti. Kipara amezifuta grisi. Ni nzima kabisa, kama zilivyokuja.

Nilimwambia Mama nakuandikia, kama ana neno niliweke. Nilidhani atakuita uje, au atakulaani, na kalamu ilikuwa tayari kwa yote mawili. Alimpapasa paka aliyekuwa mapajani mwake. Akasema, "Mwandikie kwamba gari haliniumizi tena."

Nikamuuliza niongeze nini.

Akasema niishie hapo.